Siku Niliyoisoma Hoja Yetu Kuanzia Mkiani

Namshukuru Mwenyezi Mungu, Mwingi wa subira, anayezisikia dua zetu hata tunapoziomba kwa mpangilio mbovu, tukianza na malalamiko na kumalizia na shukrani ambazo zingepaswa kutangulia. Na rehema na amani zimfikie Mtume wake, pamoja na jamaa zake na wema wote waliotufundisha dini.

Baada ya hayo, ndugu zangu, nina aibu moja ambayo watu wa Mwanza wa rika langu hawajachoka kuicheka. Wengi wamekwisha kutangulia mbele ya haki, lakini wale waliobaki, tukikutana msikitini, wanangoja nitoe salamu ya sala ndipo mmoja aseme pole pole, «Kwa hiyo, Mwalimu?» na mabega yaanze kutikisika. Nimeitwa Mwalimu Kwa Hiyo kwa muda mrefu hata wajukuu wa watu wanadhani ndilo jina nililopewa na baba yangu. Sikasiriki. Nimeona ni afadhali nieleze mwenyewe ilivyokuwa, maana kila anayeihadithia huongeza chumvi yake, na mkasa huu chumvi unayo ya kutosha tangu mwanzo.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, reli ilikuwa imeshafika Mwanza, nami nilikuwa kijana niliyeshuka kwenye gari moshi kutoka Tabora na sanduku la bati lililojaa vitabu vya dini na kanzu moja ya Ijumaa. Asubuhi nilifundisha watoto Kurani, na alasiri nilikaa kwenye baraza ya fundi cherehani mmoja nikiwaandikia watu maombi yao ya serikalini, kwa sababu nilikuwa na mwandiko mzuri (hilo hata maadui zangu wanakubali) na nilikuwa nimesoma kidogo elimu ya kujenga hoja. Sheikh wangu wa Tabora alikuwa mkali sana katika jambo hilo. Alikuwa akisema usimjibu mtu mpaka kwanza umeyasema maneno yake vizuri kuliko anavyoyasema yeye mwenyewe, ili asije akasema umemwonea. Kisha ndipo ulete jibu. Nililishika fundisho lile kwa mikono miwili, na hapo ndipo ilipoanzia shida yangu, ingawa fundisho lenyewe halina kosa.

Basi, nikaoa hapa hapa, binti wa Kisukuma aitwaye Milembe (siku ya nikahi tulimwita Halima, lakini mama yake hakuwahi kulitamka jina hilo hata mara moja, alisema tayari alikuwa amekwisha kumpa mtoto jina). Mama yake, Mama Milembe, alikuwa mkubwa wa wanawake waliokuwa wakianika samaki pale ziwani. Na wale wasiojua desturi za Kisukuma za siku zile niwaeleze: mama mkwe ni mtu wa kuheshimiwa mpaka unamkimbia. Mwanamume hamtazami usoni, hali chakula mbele yake, hazungumzi naye ana kwa ana. Mkikutana njiani mmoja wenu anaingia majanini na kujifanya anatafuta mbuzi. Nami, kwa kuwa nilikuwa mgeni na nilitaka kupendwa, niliifuata desturi hiyo kuliko Wasukuma wenyewe. Nilikuwa nimekaa na mke wangu muda mrefu bila kujua kama mama yake ana meno au hana.

Sasa, chini ya mji, ukingoni mwa maji, kulikuwa na mawe mapana yaliyolala kama mikeka. Mitumbwi ya Kamanga, ng'ambo ya maji, ilikuja na furu na dagaa, wanawake wananunua, wanawamwaga juu ya mawe yale, jua linafanya kazi yake, na jioni samaki wanaingia kwenye vikapu kwenda kuuzwa bara kwa watu wasio na ziwa. Jirani na mawe kulikuwa na ghala la Bwana Rajabali, mfanyabiashara wa pamba na ngozi, Mhindi aliyezaliwa hapa hapa na aliyekuwa akijua Kisukuma kuliko mimi. Bwana Rajabali alipeleka malalamiko kwa Liwali kwamba harufu ya samaki imezidi, akaomba wanawake wahamishiwe nyuma ya kilima. Nyuma ya kilima hakukuwa na mawe, kulikuwa na mchanga. Samaki akianikwa juu ya mchanga anakuwa nusu samaki nusu mchanga, na hakuna mtu wa bara atakayemnunua akishamtafuna mara moja. Wanawake wale, wengine wajane, kazi yao ya kuwaingizia fedha ilikuwa ile tu. Wakiyakosa mawe, wamekosa kila kitu.

Liwali aliziita pande zote mbili mara ya kwanza, zikapigwa kelele mpaka akafunga baraza. Mara ya pili akasema sitaki ulimi wa mtu, kila upande ulete maneno yake kwa maandishi, karani wangu atayasoma, kisha nitamwandikia Bwana Shauri, Mzungu wa wilaya, nilivyoona. Wanawake wakasema, «Sisi tuna mkwe anayejua kuandika.» Na Mama Milembe, kwa kupitia mdomo wa binti yake, akanikabidhi kazi ile.

Niliifanya kwa moyo wote, Mungu ni shahidi. Nikakaa na Milembe akanieleza yote aliyoelezwa na mama yake, nami nikayapanga kama nilivyofundishwa. Kwanza dai letu: tunaomba mawe yasiguswe. Kisha sababu zake. Kisha ushahidi wa kila sababu. Kisha yale wanayoyasema wapinzani, na majibu yetu. Mwisho, neno la kufunga, linaloanza na «kwa hiyo». Ilikuwa hoja safi. Laiti ningeikunja hapo hapo nikaiweka mfukoni!

Lakini alasiri ile, baada ya sala, nikanunua kahawa, nikaisoma tena, nikaiona kavu. Nikajisemea, Mwalimu Idi, mtu yeyote anaweza kuanza na dai, hata mtoto akitaka uji anaanza na dai; wewe umesoma. Nikamkumbuka sheikh wangu. Nikaona itapendeza zaidi nikianza na maneno ya wapinzani, niyapambe, niyapandishe mpaka juu kabisa, wasikilizaji waone kwamba hakuna mlango wa kutokea, halafu, katika ukurasa wa tatu, nianze kuyabomoa moja moja. Basi nikauhamisha upinzani kutoka nyuma nikauleta mbele. Ndilo jambo dogo nililoliamua, na nililiamua kwa furaha, hata nikaagiza kahawa ya pili.

Nikaandika juu kabisa, «Wapo wanaosema kwamba,» kisha nikaijaza kurasa mbili nzima kwa maneno ya Bwana Rajabali, nikiyasema vizuri mara kumi kuliko yeye. Katika kitabu hilo halina tatizo, maana msomaji akisahau anarudisha jicho juu. Sikukumbuka kwamba baraza halina macho ya kurudisha. Baraza lina masikio tu, na neno likishapita sikioni limekwenda zake.

Milembe akaniuliza, «Hutamsomea mama kwanza?»

«Nitamsomeaje mkwe wangu? Nimkalie uso kwa uso?»

«Basi nisomee mimi, nimpelekee kichwani.»

Nikamjibu, «Mambo haya ni marefu, mke wangu, kichwa hakiwezi kuyabeba.» (Mungu amrehemu Milembe wangu. Tuliishi pamoja mpaka akafa mikononi mwangu, na kila nilipompa ujumbe wa kupeleka mahali, hata kama ni wa kununua chumvi, aliuliza kwanza kama kichwa chake kitaweza kuubeba.)

Siku ya baraza watu walijaa, maana habari za mawe zilikuwa zimefika hadi Butimba. Wanawake walikaa upande mmoja, kaniki zao zimefuliwa, Mama Milembe mbele yao na kikapu kilichofunikwa kitambaa. Mimi nikatafuta nguzo nikajibanza nyuma yake ili macho yetu yasikutane. Bwana Rajabali alikuja na mwavuli wake na karani wake. Liwali akakaa, tarishi wake aitwaye Masanja akapiga kelele watu wanyamaze, kazi ikaanza.

Karatasi ya Bwana Rajabali ilisomwa kwanza. Ilikuwa fupi: samaki wananuka, wateja wanakimbia, naomba wahamishwe, wako mtiifu. Nikatabasamu nyuma ya nguzo yangu. Nikamhurumia kabisa yule mzee, nikasema moyoni, subiri uone jinsi hata maneno yako yanavyopaswa kuandikwa.

Ikafuata yetu. Karani wa Liwali alikuwa na sauti nzuri sana, na alipoona mwandiko wangu akafurahi, akajinyoosha. Akasoma salamu, akasoma «Wapo wanaosema kwamba,» wakati watu bado wanakohoa na kuvuta mikeka, kisha akaingia ndani yake kama mtu anayeingia kwenye maji ya uvuguvugu.

«Nani asiyejua,» akasoma, «kwamba harufu ya mawe yale hupanda polepole mpaka ghalani, ikamtangulia mgeni mlangoni, ikaingia katika kikombe chake cha chai kabla sukari haijaingia? Nani asiyewaona inzi, ambao hawalipi kodi wala hawana hodi? Je, mji unaokua, wenye reli na meli, utaendelea hadi lini kunuka mtumbwi?»

Mwanzoni wanawake walitikisa vichwa kwa kuridhika, kwa sababu maneno yalikuwa na mlio mzuri. Kisha nikaona vichwa vinapunguza mwendo. Kisha nikasikia sauti ya mwanamke mmoja nyuma, «Ehe, hii ndiyo ya kwetu au wamerudia ya yule?» Na mwenzake, «Ni ya kwetu. Ndiyo ya mkwe.» «Mkwe wa nani?» «Nyamaza, wewe!»

Karani hakusikia kitu, alikuwa amenogewa. Bwana Rajabali alikuwa akiinama mbele mkono umeshika sikio, na kila baada ya sentensi anasema, «Kweli! Kweli kabisa!» Nilitaka kutoka nyuma ya nguzo niseme neno, lakini nikajituliza: ukurasa wa tatu uko karibu, watashangaa, watapiga vigelegele. Karani akageuza ukurasa wa kwanza. Akaanza wa pili. Na katikati ya wa pili, Liwali akainua mkono.

«Inatosha, karani. Inatosha kabisa. Nimekaa kwenye kiti hiki muda mrefu sijaona jambo jema kama hili. Pande zote mbili zimekubaliana! Wanawake wenyewe wameona kwamba wanatukera. Mungu awabariki. Masanja, funga baraza.»

Ndugu zangu, baraza lilipanda kama maziwa kwenye sufuria. Halafu wanawake wote wakasimama kwa pamoja, na Bwana Rajabali naye akasimama, lakini yeye alikuja moja kwa moja kwenye nguzo yangu, akanikumbatia mbele ya watu wote, mwavuli ukanichoma ubavuni.

«Mwalimu!» akasema, machozi yanamlengalenga. «Karani wangu amekaa na kalamu tangu juzi hajaifikia hiyo ya chai na sukari! Kwa nini hukuniambia uko upande wangu?»

«Siko upande wako!» nikasema, nikijaribu kujitoa kifuani mwake.

«Unaona haya. Usione haya.»

Nikapiga kelele, «Bwana Liwali, hayo si maneno yetu!»

Liwali akaichukua karatasi, akaisogeza karibu na macho. «Mwandiko wa nani huu?»

«Wangu, bwana.»

«Umeyaandika wewe?»

«Nimeyaandika mimi, lakini siyaamini.»

Watu wakacheka. Liwali hakucheka. «Unaleta kwenye baraza langu maneno usiyoyaamini?»

«Ni upinzani, bwana. Nimeutanguliza. Jibu linakuja.»

«Linakuja lini?»

«Ukurasa wa tatu,» nikasema, na hapo hata Masanja tarishi, ambaye kazi yake ilikuwa kuwanyamazisha wengine, aliweka mkono mdomoni.

Ndipo Mama Milembe alipoinuka. Hakunitazama, maana desturi ni desturi hata siku ya msiba. Alimgeukia Masanja, aliyekuwa amesimama kati yetu, akasema kwa Kisukuma, kwa sauti ambayo nadhani ilisikika Kamanga, «Masanja, mwambie yule mwanamume aliye nyuma ya nguzo kwamba nilimpa binti. Sikumpa na mawe.»

Masanja, aliyekuwa akijua fika kwamba nimesikia na kuelewa, akanigeukia akatangaza kwa Kiswahili, «Anasema alikupa binti. Hakukupa na mawe.»

«Nimesikia,» nikasema nikiangalia miguu yangu.

«Anasema amesikia,» Masanja akamwambia.

«Mwulize, samaki anaokula nyumbani kwake wanaanikwa wapi? Juu ya vitabu?»

«Anauliza samaki unaokula wanaanikwa juu ya vitabu?»

«Mwambie mama kwamba nayapenda mawe yale kwa moyo wangu wote.»

«Anasema anayapenda.»

«Mbona ameyauza kwa kikombe cha chai?»

Sitaendelea. Wenye kuihadithia huendelea mpaka asubuhi, na kila mmoja ana swali lake la Mama Milembe ambalo mimi silikumbuki. Nitasema tu kwamba nguzo niliyokuwa nimejificha nyuma yake ilikuwa nyembamba, na kwamba Milembe wangu, aliyekuwa amekaa miguuni pa mama yake, alikuwa amejifunika kanga uso mzima, nami sikujua kama analia au anacheka. (Alikuwa anacheka. Alikiri baadaye.)

Liwali akachoka. Akasema, «Mwalimu, chukua karatasi yako uisome mwenyewe. Lakini nikisikia tena neno harufu, nafunga, na wanawake watahama kesho.»

Sasa fikirini. Kurasa zote zinafanana, nami naogopa mno kugusa kurasa za mbele zenye ile harufu, nisije nikaangukia humo humo. Nikaona njia salama ni kuanza mwisho kabisa, kwenye neno la kufunga, maana huko nilikuwa na hakika tunaomba mawe. Basi nikasafisha koo, nikasoma kwa sauti, «Kwa hiyo!»

Watu wakangoja.

«Kwa hiyo, kutokana na yote tuliyokwisha kuyathibitisha hapo juu...»

«Yapi?» akauliza Liwali.

«Yaliyo hapo juu, bwana.»

«Juu wapi? Hujathibitisha kitu.»

Nikapanda fungu moja. «Na kwa sababu hiyo hiyo...» Mwanamke mmoja akadakia, «Sababu ipi?» Nikapanda jingine. «Vilevile, kama ushahidi wetu wa pili unavyoonyesha...» Sasa baraza zima likajibu kwa pamoja, kama watoto wa madrasa, «Na wa kwanza uko wapi?» Kila fungu nililoliandika lilikuwa limeliegemea fungu la juu yake, kama watu waliolala kwenye mtumbwi mmoja, na mimi nilikuwa nawaamsha kuanzia wa mwisho. Kila nilipopanda nilirudi kwenye «kwa hiyo» ili nipumzike, na kila niliporudi walipiga makofi. Jina langu lilizaliwa hapo.

Mwisho nikaikunja karatasi nikaikalia. Kweli kabisa, niliketi juu yake, jasho linanitiririka kutoka chini ya kofia, nikasema jambo ambalo nilipaswa kulisema tangu asubuhi: «Tunaomba mawe yasiguswe.»

Wanawake wote wakaitikia, «Eeeh!» kama waliotuliwa mzigo.

«Vizuri,» akasema Liwali. «Kwa nini?»

«Kwa sababu huko nyuma ya kilima kuna mchanga, na samaki wa mchanga hauziki. Wanawake hawa watakosa kazi.»

«Nani amesema hauziki?»

Haya, hilo nilikuwa nimeliandika, na kwa uzuri, isipokuwa liko ukurasa wa nne: wanawake walikuwa wamekwisha kujaribu, wakawaanika furu wachache nyuma ya kilima na wengine juu ya mawe, siku moja, chini ya jua moja. Nikamwambia Masanja amwombe Mama alete kile kikapu. Masanja akaanza, «Anasema,» lakini Mama alikuwa ameshafunua kitambaa. Liwali akachukua furu wa mawe, akatafuna, akakubali kwa kichwa. Akachukua wa mchanga, akatafuna, na sote tukasikia krrr, krrr, kama mtu anayesaga mtama kwa meno. Akatafuna mara moja tu. Karani naye, ambaye hakuna aliyemwita, akajaribu, akashika shavu.

«Ushahidi nimeupata,» akasema Liwali akitafuta maji. «Sasa lile jambo lenu la kikombe cha chai.»

Nikavuta pumzi. Hapa ndipo mahali pake, upinzani ulikuwa umefika nyumbani kwake kwa miguu yake. Nikasema, «Bwana Rajabali anasema ghalani kwake kunanuka, na kweli kunanuka, hatukatai. Lakini wakati wa kulima wanawake wote wako mashambani, mawe yanabaki matupu hata samaki mmoja hayupo. Namwomba Bwana Rajabali mwenyewe atuambie kama wakati huo harufu huondoka.»

Watu wote wakamgeukia. Bwana Rajabali akafikiri. Alikuwa mtu wa kweli, Mungu amlipe kwa hilo, maana angeweza kudanganya na hakuna ambaye angemkamata. Akajikuna kidevu, akasema polepole, «Haiondoki.»

«Ghalani mna nini zaidi ya pamba?»

«Ngozi,» akasema, kisha akaanza kucheka yeye mwenyewe, cheko la tumbo, mwavuli unatikisika. «Ngozi mbichi! Ee Mungu wangu, nimewasingizia dagaa!»

Liwali akatoa uamuzi wake: mawe yabaki kwa wanawake, nao wayafagie kila jioni wasiache magamba, na Bwana Rajabali azihamishie ngozi zake nyuma ya kilima, kwa kuwa ngozi haitafunwi, wala mchanga hautaidhuru, na hivyo ndivyo atakavyomwandikia Bwana Shauri. Vigelegele vilipigwa mpaka bata wa ziwani wakaruka. Nilipokuwa najikusanya nitoroke, Liwali akaniita.

«Mwalimu, una hoja nzuri namna hii, kwa nini uliificha nyuma ya hoja ya mwenzako?»

«Nilitaka nimtendee haki mpinzani wangu, bwana. Nilifundishwa niseme maneno yake vizuri kwanza.»

«Umeyasema vizuri mno,» akasema. «Sikukatazi. Lakini nijulishe kwanza umesimama wapi, ndipo unionyeshe pale aliposimama mwenzako. Vinginevyo nitakusalimia wewe kwa jina lake.»

Bwana Rajabali akaomba apewe kurasa zile mbili za mwanzo. Akasema hata kama ameshindwa, hajawahi kusikia mtu akimtetea vile. Nilimpa, ningefanya nini? Alikuwa akiwasomea wateja wake ile ya chai na sukari, na kila nilipopita alitoka mlangoni kunishukuru kwa sauti, nami nikawa naizunguka njia ile.

Kwa Mama Milembe sikujua nitaingiaje tena. Lakini baada ya siku chache Milembe alirudi kutoka kwao na kikapu cha furu walionona, akasema, «Mama anasema hawa ni wa mawe. Na anasema wanawake wana ombi jingine la kuandikiwa, la gati ya mitumbwi, na utaliandika wewe. Ila safari hii utamsomea.»

«Nitamsomeaje?»

«Amekwisha kufikiri. Yeye atakaa ndani, wewe utakaa nje, umeupa ukuta mgongo.»

Na hivyo ndivyo tulivyofanya miaka yote aliyoishi. Niliketi nje ya nyumba yake, nikausomea uwanja na kuku, naye akinisikiliza kwa ndani. Kama sentensi ya kwanza ilipita bila yeye kujua tunataka nini, alikohoa. Kama nilisema sababu bila shahidi, alikohoa mara mbili. Sikuuona uso wake mpaka mwisho, lakini kikohozi chake nakijua kuliko sauti ya mtu yeyote, na hakuna ombi lililotoka pale likarudishwa kwa kukosa kueleweka.

Fundisho la sheikh wangu sikulitupa, wala sitalitupa. Mpaka leo nikiandika, maneno ya mpinzani nayasema kwa uzuri wote niliojaliwa, maana kumpunguzia mtu hoja yake ni dhuluma, nayo dhuluma itaulizwa. Lakini niliweka nadhiri, na nimeitunza: sitaandika tena mstari wa kwanza ambao ukikatwa hapo hapo, ukasomwa peke yake mbele ya watu waliojaa baraza, utanifanya nikumbatiwe na mtu nisiyekubaliana naye.

Nawe uliyenisoma mpaka hapa, Mwenyezi Mungu akupe haja zako kabla hujamaliza kuzitaja, akujalie watu wa kukusikiliza na wakwe wa kukukoholea unapopotea, azisamehe aibu zako kama alivyozigeuza zangu kuwa kicheko, na atukutanishe sote katika rehema yake. Amina.